Alexis Soyer: Mpishi wa mabwanyenye aliyeteremka jikoni kwa wenye njaa na askari

KILA alfajiri, kabla feri za Likoni hazijajaa abiria wanaovuka kwenda kisiwani, moshi wa kuni na makaa huwa umekwisha kutanda juu ya vibanda vya vyakula kando ya barabara. Hali ni ile ile Changamwe, ambako vibarua wa viwandani na wachukuzi wa mizigo hunywa uji, au chai kwa mahamri na mbaazi, kabla ya kuingia zamu. Kisauni nako, wapishi wa hoteli za ufuo wa Nyali na Bamburi hupanda matatu gizani ili wakawaandalie wageni staftahi. Umati hula, ukashiba, ukaenda zake. Ni nadra mlaji kuuliza jina la aliyepika.

Katika karne ya 19 alitokea mpishi mmoja ambaye jina lake lilijulikana kwa malkia na kwa ombaomba, kwa mawaziri na kwa askari wa cheo cha chini. Alikuwa Mfaransa aliyejipatia sifa Uingereza, na wanahistoria wengi humhesabu miongoni mwa wapishi wa mwanzo kabisa kuwa mashuhuri kama walivyo wapishi wa runinga hivi leo. Jina lake ni Alexis Benoît Soyer. Alifariki mwaka wa 1858 akiwa na umri wa miaka 48, akiwa ameacha madeni, vitabu kadhaa na jiko moja la bati lililoishi zaidi yake kwa miaka mia moja na ushei.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa sababu ya swali lililomwandama hadi kaburini: je, mtu aliyezoea kuwapikia walioshiba anaweza kuwa na manufaa yoyote kwa wenye njaa?

Mtoto wa muuza duka

Soyer alizaliwa tarehe 4 Februari 1810 katika mji wa Meaux, mashariki mwa Paris, mji unaosifika kwa jibini yake. Wazazi wake walikuwa watu wa duka la vyakula, na mali yao haikuwa ya kujivunia. Alikuwa kitindamimba, na utundu wake ulikuwa gumzo la mji. Husimuliwa kwamba alifukuzwa shuleni baada ya kupanda mnara wa kanisa usiku wa manane na kuzipiga kengele hata wakazi wakatoka vitandani wakidhani pana moto.

Mnamo 1821, akiwa na miaka 11 tu, alipelekwa Paris kwa kaka yake Philippe ambaye tayari alikuwa mpishi. Huko aliingizwa katika kazi ya jikoni kama mwanagenzi. Jiko la mkahawa wa wakati ule halikuwa pahali pa mchezo. Moto wa makaa ulichoma mapafu ya wapishi siku nzima, madirisha yalifungwa ili chakula kisipoe, na wengi walizeeka kabla ya wakati wao. Soyer alivumilia, akajifunza, na kufikia mwaka wa 1826 alihamia mkahawa maarufu zaidi jijini, ambako licha ya ujana wake alikabidhiwa usimamizi wa wapishi wenzake.

Mwaka wa 1830 alikuwa akifanya kazi katika jiko la serikali, chini ya waziri mkuu Polignac, wakati mapinduzi ya Julai yalipozuka. Wananchi wenye hasira walivamia jengo walimokuwa wakiandaa karamu. Yasemekana kijana huyo aliokoa maisha yake kwa kupanda juu ya meza na kuimba wimbo wa wanamapinduzi kwa sauti kuu, hata wavamizi wakambeba juujuu kama mwenzao. Kisa hicho kiwe kilitokea hivyo au kilitiwa chumvi, lililo wazi ni kwamba ajira yake ilikatika pamoja na serikali iliyoanguka. Mwaka uliofuata alivuka bahari na kumfuata Philippe, ambaye sasa alikuwa mpishi wa mwana wa mfalme huko Uingereza.

Jiko lililotembelewa kama makumbusho

Kwa miaka sita Soyer alihama kutoka nyumba moja ya kabaila hadi nyingine, akiacha sifa njema kila alikopita. Bahati yake ilifunguka mwaka wa 1837 alipoteuliwa kuwa mpishi mkuu wa Reform Club, klabu ya London iliyoanzishwa mwaka uliotangulia na wanasiasa waliopigania mageuzi ya uchaguzi. Tarehe 28 Juni 1838, siku ya kutawazwa kwa Malkia Victoria, Soyer na wasaidizi wake waliandaa staftahi ya wageni wapatao 2,000. Kuanzia siku hiyo, jina lake halikukauka magazetini.

Klabu ilipoamua kujenga jumba jipya, mpishi huyo hakukubali kupangiwa jiko na watu wasiowahi kushika mwiko. Alikaa na msanifu majengo Charles Barry wakalichora pamoja. Jumba lilipokamilika mnamo 1841, jiko lake lilikuwa ajabu ya jiji. Palikuwa na majiko ya gesi, jambo geni kabisa zama hizo, ambayo moto wake ungeweza kuongezwa au kupunguzwa kwa kugeuza kishikio. Mpishi wa leo mwenye mtungi wa gesi nyumbani hawezi kuona muujiza hapo. Lakini kwa wapishi waliokuwa wakipuliza makaa tangu macheo hadi usiku, huo ulikuwa ukombozi.

Hayo hayakuwa yote. Meza za samaki zilipozwa kwa maji baridi yaliyotiririka bila kukoma. Nyama ilikuwa na chumba chake, keki na maandazi chumba chao, na vyombo vilipandishwa juu kwa mitambo ya mvuke. Kila mfanyakazi alikuwa na pahali pake na kazi yake. Wageni walimiminika kuja kulitazama, naye Soyer akiwatembeza mwenyewe, amevaa kofia yake ya upande na makoti yaliyoshonwa mshazari. Alichukia mstari ulionyooka. Hata kadi zake za jina na kasha lake la sigara vilikatwa kwa mshazari, na waliompita njiani waligeuka kumtazama.

Chakula kilichompa umaarufu wa kudumu hapo klabuni ni kipande cha nyama ya mwana-kondoo kilichogaragazwa kwenye chenga za mkate, kikakaangwa na kuletwa na mchuzi wenye uchachu na pilipili. Hadi leo kinaitwa kwa jina la klabu hiyo. Na mwaka wa 1846, Ibrahim Pasha, mwana wa mtawala wa Misri Muhammad Ali, alipozuru London, Soyer alimwandalia karamu ya watu 150. Kilele chake kilikuwa kitindamlo chenye umbo la piramidi, chenye picha ya baba yake mgeni huyo. Pasha aliitambua sura ya mzazi wake mbele ya umati, na siku iliyofuata magazeti yaliandika zaidi juu ya piramidi hiyo kuliko juu ya siasa.

Mwaka huo huo alitoa kitabu chake kikubwa cha mapishi, chenye maelezo ya vyakula vipatavyo 2,000. Hakuwa hodari wa kuandika Kiingereza, hivyo aliwategemea makarani walioyaandika aliyowasomea. Kitabu kilikuwa ghali, na hata hivyo kilinunuliwa kama njugu.

Emma

Umaarufu huo haukumkinga na majonzi. Mnamo 1837 Soyer alikuwa amemwoa Elizabeth Emma Jones, mchoraji aliyeonyesha kipaji tangu utotoni na ambaye picha zake zilipita 400. Miongoni mwazo ni ile ya mwaka wa 1831 inayowaonyesha watoto wawili weusi wakiwa na kitabu, picha iliyochorwa wakati Bunge la Uingereza lilikuwa bado halijapitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni yake. Ni wachoraji wachache wa zama hizo waliowatazama watoto wa aina hiyo kwa heshima.

Mwishoni mwa Agosti 1842, Soyer alikuwa safarini Ubelgiji kwa mwaliko wa kabaila mmoja. Emma, aliyekuwa mjamzito, alibaki London. Usiku wa radi na dhoruba kali ulimtia hofu, uchungu ukamjia kabla ya siku zake, naye akaaga dunia. Mumewe aliporejea alikuta maiti. Alimjengea kaburi refu la mawe na sanamu katika makaburi ya Kensal Green, kaburi lililowashangaza watu kwa ukubwa wake. Waliomfahamu walisema hakuisamehe nafsi yake kwa kutokuwapo usiku ule.

Supu ya Dublin

Mtihani mkubwa wa maisha yake ulikuja mwaka wa 1847. Tangu 1845, ugonjwa wa viazi ulikuwa umeangamiza zao ambalo maskini wa Ireland walilitegemea karibu kwa kila mlo. Watu walikula majani na mwani, wakaanguka njiani. Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza wakati huo, na serikali ya London, iliyokuwa imetegemea soko huria na miradi ya kuvunja mawe ili kuwapa watu ujira, hatimaye ilikubali kwamba mtu mwenye njaa hawezi kungoja ujira. Ilibidi alishwe.

Soyer, aliyekuwa amekwisha kuandika magazetini juu ya namna ya kupika supu nyingi kwa gharama ndogo, aliombwa kwenda Dublin. Klabu ilimpa ruhusa. Alisimamisha jengo la mbao na turubai mbele ya kambi ya askari jijini humo. Katikati yake palikuwa na chungu cha kuchemshia chenye ujazo wa galoni 300, na kando ya kuta palipangwa meza nyembamba zenye mabakuli na vijiko vilivyofungwa kwa minyororo. Kengele ilipolia, watu mia moja waliingia kwa mlango mmoja, wakala, wakapewa kipande cha mkate na kutoka kwa mlango wa pili. Mabakuli yalioshwa, kengele ikalia tena. Kwa mpango huo zaidi ya watu 8,000 walipata mlo kila siku, kwa takriban nusu ya gharama iliyotumika kabla yake.

Kwa mhandisi, hilo lilikuwa jambo la kusifika. Lakini mambo mawili yaliutia doa ufanisi huo, na haki haitendeki yakifichwa.

La kwanza ni uzinduzi. Tarehe 5 Aprili 1847, mabwana na mabibi wa Dublin walialikwa kushuhudia jiko likifunguliwa, na wengine walilipa shilingi tano kila mmoja ili wawatazame maskini wakila. Fedha hizo zilikuwa za sadaka. Hata hivyo, magazeti ya mji yaliona fedheha: binadamu wenye njaa walikuwa wamegeuzwa kuwa maonyesho, kama wanyama wanaolishwa kwenye bustani mbele ya watazamaji.

La pili lilikuwa supu yenyewe. Mojawapo ya mapishi yake ya awali lilitia robo ratili tu ya nyama katika galoni mbili za maji, yaani kama lita tisa, pamoja na mafuta kidogo, vitunguu, unga na shayiri. Madaktari walihoji. Jarida la tiba la London liliandika kwamba supu ya namna hiyo hujaza tumbo bila kuujenga mwili, na kwamba ladha nzuri si lishe. Soyer aliamini kwamba ustadi wa kupika ungeweza kuongeza faida ya chakula kidogo. Sayansi ya leo ya lishe ingekuwa upande wa madaktari.

Hata hivyo si haki kumtwika mpishi mzigo wa serikali. Mfumo wa majiko ya supu ulipoenea nchini kote kwa sheria ya mwaka huo, takriban watu milioni tatu walilishwa kila siku kufikia Julai 1847, na vifo vya njaa vikapungua. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliyafunga majiko hayo kwa kudai kwamba hatari imepita. Haikuwa imepita. Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Wakazi wa Pwani ya Kenya, ambao mababu zao walikuwa na desturi ya kuipa kila njaa kubwa jina lake ili isisahaulike, watalielewa jambo hili upesi: wingi wa sufuria haufai kitu iwapo mwenye ghala ameamua kulifunga.

Soyer alirejea London na kijitabu cha mapishi ya bei nafuu, ambacho sehemu ya mapato yake ilitolewa sadaka. Baadaye alifungua pia jiko la maskini mtaani Spitalfields, walikoishi wafumaji waliokosa kazi. Mtu aliyekwenda Dublin kama msanii wa karamu alikuwa ameonja jambo ambalo halikumwachilia tena.

Mkahawa wa mataifa yote

Mnamo 1850 alijiuzulu kutoka klabuni. Wakati huo tayari alikuwa mfanyabiashara kamili. Michuzi ya chupa iliuzwa ikiwa na picha yake, vivyo hivyo kinywaji cha matunda chenye rangi ya buluu na jiko dogo la mezani lililowaka kwa spiriti. Mwaka huo katika mji wa York, kwenye karamu iliyohudhuriwa na mume wa Malkia, alipika sahani moja ya kasa na ndege wa kila aina iliyogharimu zaidi ya pauni mia moja, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuzipata kwa mwaka mzima. Mtu yule yule aliyehesabu senti za supu Dublin aliweza kufanya hivyo bila kuona kinyume chochote. Ndivyo alivyokuwa.

Mwaka wa 1851, London ilipoandaa maonyesho makubwa ya viwanda ya dunia, Soyer alikodi jumba la Gore House lililokuwa karibu na kuligeuza kuwa mkahawa mkubwa. Kila chumba kilipambwa kwa mtindo wa nchi tofauti, na bustanini palisimamishwa ukumbi wa kulia watu zaidi ya elfu moja kwa wakati mmoja. Azma yake ilikuwa tajiri na fukara wale chini ya paa moja, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake, vyakula vya mataifa yote.

Lilikuwa wazo lililotangulia wakati wake, lakini hesabu zilimshinda. Mapambo yalikula mtaji, wateja walikuwa wengi ila faida haba, na kelele za usiku zikawafanya mahakimu wa leseni kumtazama kwa jicho baya. Maonyesho yalipofungwa mwezi wa Oktoba, mkahawa nao ulifungwa, na Soyer akabaki na hasara ya pauni 7,000. Hii leo, pahali hapo pamesimama ukumbi mashuhuri wa muziki wa Royal Albert Hall.

Alijiinua kwa kalamu. Kitabu chake cha mwaka wa 1854, kilichouzwa shilingi moja tu na kulenga familia za wafanyakazi, kilikaribia kuuza nakala robo milioni. Humo alimfundisha mama mwenye sufuria moja na moto mmoja namna ya kutotupa kitu: mifupa iwe supu, mkate mkavu uwe kitindamlo, maji ya mboga yasimwagwe.

Vitani Crimea

Wakati huo Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Taarifa zilizofika London zilitisha. Askari walikuwa wakifa kwa kuhara, kipindupindu na utapiamlo kwa wingi kuliko waliouawa na risasi. Vita vilipokwisha, takriban Waingereza 21,000 walikuwa wamekufa, na zaidi ya robo tatu yao waliuawa na maradhi.

Mapema Februari 1855, Soyer alisoma gazetini barua iliyoomba ushauri kuhusu chakula cha askari. Alijibu kwa kujitolea kwenda mwenyewe, kwa gharama yake, ilimradi serikali impe mamlaka juu ya majiko. Ombi lilikubaliwa. Mwezi uliofuata aliwasili Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kwenye hospitali kubwa ya kijeshi ambako Florence Nightingale alikuwa akipambana na uchafu na urasimu.

Aliyoyaona jikoni yalimduwaza. Kila kundi la wagonjwa lilifunga nyama yake kwenye kijiti, likatia alama ya kuitambua, ikiwa kifungo, msumari wenye kutu au kitambaa, kisha vyote vikatumbukizwa katika pipa moja la maji yanayochemka. Nyama iliyokuwa juu ilitoka mbichi, ya chini ikawa kama ngozi. Maji yale, yaliyobeba ladha na mafuta yote, yalimwagwa. Mapipa ya shaba yalikuwa yamechubuka madini yake ya ndani na kuhatarisha walaji. Wapishi nao walikuwa askari waliopangiwa zamu, leo huyu kesho yule, hivyo hapakuwa na aliyejifunza.

Soyer hakuomba chakula zaidi. Kwa posho zile zile, alilegeza nyama ili maji yapite, akaamuru mchuzi uhifadhiwe, akaengua mafuta ya kupikia, akatia chumvi na viungo mwanzoni badala ya kuviacha mezani. Aliandika maelezo ya kila mlo na kuyabandika ukutani, kisha akashinikiza wapishi wa kudumu wateuliwe na kufunzwa. Waganga walionja supu ya zamani na ya Soyer moja baada ya nyingine. Hapakuwa na ubishi tena.

Kazi yake iliyodumu zaidi ilikuwa jiko la vitani. Lilikuwa pipa la bati lenye sehemu ya moto chini na chungu juu, jepesi kiasi kwamba nyumbu mmoja aliweza kubeba mawili. Lilipikia watu 50. Kwa kuwa moto ulifungwa ndani, lilitumia kuni kidogo sana, lilifanya kazi kwenye mvua na upepo, na mwali wake haukuonekana na adui usiku. Wakenya waliozoea jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya kubana matumizi ya makaa, wataitambua hekima hiyo hiyo: joto likizuiliwa, kuni huokoka.

Mwezi Mei 1855 alivuka pamoja na Nightingale kwenda Balaklava, karibu na medani. Siku moja alimshawishi muuguzi huyo aketi juu ya mzinga uliolenga Sevastopol, ili iwe kumbukumbu. Siku chache baadaye Nightingale aliugua homa kali nusura afe. Soyer naye alipatwa na homa hiyo baadaye, na waliomfahamu walisema hakurudi kuwa yule wa zamani. Hata hivyo alikaa hadi amani ilipopatikana mwaka wa 1856, akizunguka kutoka kikosi hadi kikosi, akifundisha.

Mwisho wa safari

Alirejea London mwaka wa 1857 akiwa amechoka na nywele zimekwisha kuota mvi. Badala ya kupumzika, alichapisha kumbukumbu za vita, akachora majiko mapya ya kambi za askari, na Machi 1858 akatoa mhadhara mbele ya maofisa wa kijeshi kuhusu upishi wa jeshini. Jiko la mfano alilolisanifu katika kambi ya Wellington jijini London lilikamilika majira hayo ya kiangazi.

Tarehe 5 Agosti 1858 alikata roho. Nightingale alisikitika sana, akiona kwamba jeshi limempoteza mtu ambaye hakuwa na wa kushika nafasi yake. Lakini mazishi yalikuwa madogo. Mdai wake mmoja aliwahi nyumbani na kuchukua mali pamoja na makaratasi, na nyaraka nyingi za maisha yake zikapotelea huko. Alizikwa Kensal Green chini ya sanamu aliyomjengea Emma. Mtu aliyewalisha maelfu hakuacha hata fedha za kuliandikia jina lake kwa fahari juu ya kaburi hilo.

Jiko lake halikufa. Jeshi la Uingereza liliendelea kulitumia, likifanyiwa marekebisho, katika vita vyote viwili vya dunia na hata katika miaka ya 1980.

Funzo lake, kwa upande mwingine, lilisahauliwa mara nyingi, na Afrika Mashariki ililipa gharama ya usahaulifu huo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa maelfu kuwabebea mizigo, katika kikosi kilichoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Walipewa nafaka isiyoiva vizuri, bila vyombo vya kutosha wala muda wa kuipika. Tumbo la kuhara liliwamaliza. Kutoka Kenya pekee walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi. Sanamu ya askari na wapagazi iliyosimamishwa Mombasa baada ya vita huwakumbusha wapita njia ushujaa wao. Haiwakumbushi kwamba wengi wangaliweza kuponywa na sufuria safi na mpishi aliyefunzwa, miaka 60 baada ya Scutari.

Uzi mwingine mwembamba unaiunganisha habari hii na Kisauni. Baada ya Crimea, Nightingale alishirikiana kwa miaka mingi na Sir Bartle Frere katika masuala ya afya ya India. Frere ndiye aliyetumwa Zanzibar mwaka wa 1873 kushinikiza kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na ndiye ambaye jina lake lilipewa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachiliwa huru kilichoanzishwa Kisauni mwaka wa 1875. Waliofikishwa hapo wakiwa mifupa na ngozi walihitaji, kabla ya jambo jingine lolote, mtu wa kuwapikia.

Soyer alikuwa na majivuno, alipenda kutazamwa, na supu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kuliko sifa zake. Lakini kila alipoitwa na wenye dhiki aliitika, na kila aliporudi alikuwa amejifunza. Kutoka Dublin hadi Scutari ni umbali wa miaka minane tu. Katika miaka hiyo aliacha kuuliza ni kwa bei gani maskini anaweza kulishwa, akaanza kuuliza ni kwa nini chakula alicho nacho kinaharibiwa kabla ya kumfikia. Swali hilo la pili lingali hai kila panapopikwa chakula cha umati: shuleni, kambini, hospitalini, na chini ya ule moshi wa alfajiri Likoni.